Bega na Usukani

Msomaji, zamani mzigo ulipita begani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama kilo 30, Tabora hadi Bagamoyo, kwa miguu. Reli ikafika Tabora 1912, tukaambiwa wapagazi basi tena. Basi tena wapi! Simama Ntalikwa alfajiri: magunia ya mkaa kwenye keria, tairi la mbele lataka kunyanyuka, jamaa kaukandamiza usukani.

Wazungu wa baiskeli za milimani, zilizoingia Olimpiki Atlanta 1996, wanaijua hesabu hiyo. Wanashusha shingo ya usukani, kifua kiende mbele, tairi lishike ardhi mlimani. Lakini wao hawana gunia. Huyu wetu mlimani hushuka akasukuma, kwa hiyo anautaka usukani juu. Ukiwa chini, mgongo unakatika kabla ya mjini.