Waganga, Matabibu na Sheria katika Nchi ya Ubena

Nchi ya Wabena, tangu Njombe penye baridi na ukungu hata tambarare za Ilembula zisizo mbali na Makambako, ilikuwa na dawa zake kabla ya kuwa na hospitali. Lakini kwa kuwa dawa zile zilikwenda pamoja na kafara na ibada za mizimu, wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, waliofika mwishoni mwa karne ya 19, waliziweka zote katika fungu la ushirikina. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, maji yaliyosadikiwa kuzuia risasi yalipoenea hata Ubena na misheni ya Yakobi ikashambuliwa, dhana yao ilipata ushahidi. Waingereza nao walipotunga Sheria ya Uchawi ya 1928, ingawa ilimkusudia mchawi, mganga pia alilazimika kufanya kazi yake kwa hadhari.

Wagonjwa hawakungoja sheria. Hata baada ya Walutheri kujenga hospitali Ilembula, mtu aliyekunywa mzizi uliochemshwa asubuhi aliweza kuwa katika foleni ya dakta kabla ya adhuhuri, na aghalabu hakumwambia muuguzi, kwa kuchelea kukaripiwa. Kificho hiki, kwa rai yangu, kina madhara kuliko mizizi mingi, kwani tabibu asiyejua alichokwisha kunywa mgonjwa hupima dozi yake gizani.

Serikali huru ilirekebisha sheria kidogo mwaka 1968, ilipomruhusu mganga kutibu kwa njia za jadi maadamu jamii yake mwenyewe inamtambua kuwa ameihitimu kazi hiyo. Sharti la busara, ila halikumsaidia mganga aliyehamia kwa wageni. Mwaka 1974 kikaundwa Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho wataalamu wake walizunguka nchini wakiwauliza waganga, wakibana majani katikati ya karatasi, na kuandika jina la kienyeji, mahali mti ulipoota, na kama kinachotumika ni mzizi, gome au jani. Azimio la Alma Ata la 1978 likawataja waganga wa jadi miongoni mwa watumishi wa afya ya msingi, pale wanapohitajika. Hata hivyo ilipita karibu robo karne kabla ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 kuunda Baraza la kuwasajili.

Usajili huo haukumpa mganga nafasi katika zahanati. Tanga walikuwa wametangulia: tangu mwanzo wa miaka ya 1990 waganga na matabibu wa hospitali walishirikiana kuwahudumia wenye virusi vya UKIMWI, wakiwapelekea mitishamba ya kutuliza maradhi nyemelezi. Mkoa wa Njombe, ambao utafiti wa 2022–23 uliukuta na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango kilicho juu kuliko cha mkoa mwingine wowote wa Bara, una haja kubwa zaidi ya ushirika wa namna hiyo, maana mganga anayemwambia mgonjwa aache vidonge vyake na yule anayemhimiza avimeze kila siku huweza kuwa wote wawili wamesajiliwa.