Mwalimu wa Misheni na Mtaala Wake katika Nchi ya Ugogo

Neno mtaala ni la zamani katika Kiswahili, na asili yake ni Kiarabu. Maana yake ya kwanza si orodha ya masomo, wala si kitabu kitokacho serikalini. Ni kule kusoma kwenyewe kwa bidii, kama watu wa pwani wasemavyo kwamba fulani anataali vitabu, yaani anavisoma na kuvitafakari. Siku hizi neno hili limehama. Sasa mtaala ni mpango wote wa mafunzo ya shule, uliokwisha andikwa na wengine, na mwalimu huupokea kama mpagazi apokeavyo mzigo uliokwisha fungwa.

Walimu wengi wa shule za Kikristo katika nchi ya kati hutamani leo kuendelea na masomo hata kupata shahada ya uzamili katika mambo ya mitaala na ufundishaji. Nao wako wawaulizao: Ya nini? Ikiwa mtaala watoka serikalini, nawe huna ruhusa ya kuongeza wala kupunguza, utausoma miaka miwili ili iweje? Swali hili si la kipuuzi, nalo lastahili jibu. Mimi nataka kulijibu kwa habari za Ugogo zenyewe, maana katika nchi hii jambo hili limekwisha pimwa zaidi ya mara moja.

Kwanza tukumbuke kwamba Wagogo hawakuwa watu wasio na mafundisho kabla ya misheni. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wavulana walitahiriwa na kukaa kumbini, wakafundishwa na watu wazima adabu, heshima ya wakubwa, mambo ya unyumba, na wajibu wa mwanamume kwa ng'ombe na kwa ukoo wake. Mafundisho mengine yalikuwa katika nyimbo, mengine katika mafumbo, na mengine katika maumivu yenyewe. Wasichana nao walikuwa na mafundisho yao kwa wanawake. Huo ulikuwa mtaala kamili, ingawa haukuandikwa. Ulikuwa na majira yake, walimu wake, na mtihani wake. Tena aliyefundisha alikuwa yeye yule aliyejua kwa nini jambo lile lafundishwa.

Misheni ya C.M.S. ilifika Mpwapwa mwaka wa 1876, wakati wajumbe wake walipokuwa wakienda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mwaka wa 1877 Alexander Mackay alipasua njia toka Saadani mpaka Mpwapwa, na mwaka wa 1878 kituo cha Mpwapwa kikashikwa tena, kisikae kuwa mahali pa kupumzikia wasafiri tu. Baadaye vikafuata vituo vingine, Kisokwe, Mvumi, Buigiri na Kongwa. Waliojifunza waliitwa wasomaji, na jina hilo ladhihirisha mtaala wa siku zile: kusoma, kuandika, hesabu kidogo, na Neno la Mungu. Shule ilikuwa banda la miti na nyasi, au kivuli cha mti. Mwalimu alikuwa kijana aliyewatangulia wanafunzi wake kwa vitabu viwili au vitatu. Asubuhi alifundisha silabi, na Jumapili aliongoza sala. Hapakuwa na mpaka kati ya kazi hizo mbili.

Lakini shida ya mwalimu huyo ilionekana upesi. Mvulana wa Kigogo ni mchungaji, na ng'ombe hawangojei kengele. Mvua ziingiapo, kila mkono wahitajika shambani. Na uwele na mtama vikianza kuiva, watoto hukaa juu ya vilingo kuamia ndege. Shule iliyopangwa kama kwamba mambo hayo hayapo, hukuta viti vitupu, kisha mwalimu huandika katika daftari kwamba watoto ni wavivu. Mwalimu mwenye busara alibadili saa zake. Hakuna aliyemwagiza, alitazama nchi akafanya. Hapo ndipo nionapo mwanzo wa elimu ya mitaala katika Ugogo, ijapokuwa hakuna aliyeiita kwa jina hilo.

Mwaka wa 1913 misheni ikaanzisha chuo Kongwa ili kuwafunza walimu na wainjilisti. Mwanzilishi wake alikuwa Dakta Westgate, mtu wa Kanada, nacho kikaitwa Chuo cha Huron kwa ajili ya Wakristo wa huko waliokisaidia. Hili lilikuwa jambo kubwa. Mara ya kwanza ilikiriwa kwamba kujua kusoma si sawa na kujua kufundisha, na ya kuwa mwalimu naye hana budi kutengewa wakati wa kujifunza. Lakini chuo hakijapata kutia mizizi, vita vikaja mwaka wa 1914. Wamisionari Waingereza wakatiwa kizuizini na Wadachi, na walimu Waafrika wakashtakiwa ya kwamba ni wapelelezi wa adui. Wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakapigwa viboko, wakapelekwa Tabora kufanya kazi ngumu, hata majeshi ya Wabelgiji yalipouingia mji ule mwezi wa Septemba 1916, wakafunguliwa.

Baada ya vita ikaja njaa kuu ambayo Wagogo huiita Mtunya, toka 1917 mpaka 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi; kisha mvua zikakosa, na homa ya mafua ya mwaka wa 1918 ikaongeza vifo. Watu walitawanyika kutafuta chakula, na shule zikafa. Walakini hazikufa zote wala daima, na mwaka wa 1921 Andrea Mwaka na Haruni Mbega wakatiwa mikono kuwa makasisi, wa kwanza katika kazi ya C.M.S. nchini humu. Watu wa vijijini walipokubali kuwatuma tena watoto wao shuleni, hawakufanya hivyo kwa kuwa mtaala ulikuwa bora kuliko zamani. Ulikuwa ule ule mdogo. Walimjua mwalimu. Walimwona akifungwa, wakamwona akirudi, wakamwona akishinda na njaa pamoja nao.

Hata hivyo tusiifanye subira ya wazee hao kuwa sababu ya kudharau elimu. Mwalimu mwaminifu asiyejua kazi yake humpotezea mtoto miaka, na mtoto hana miaka mingine. Hayo yalionekana wazi mwaka wa 1924, ilipokuja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kuchungua elimu ya Afrika Mashariki. Tume ilisema kwamba mafundisho hayana budi kufuata maisha ya watu: kilimo, afya, mambo ya nyumbani, na tabia njema. Mwaka wa 1925 Gavana Cameron aliwaita wamisionari na wakuu wa elimu kukutana Dar es Salaam, na toka hapo ukafuata mpango wa serikali kuzisaidia kwa fedha shule za misheni zinazofuata masomo yaliyoagizwa na zenye walimu waliohitimu. Kiswahili kikasimamishwa kuwa lugha ya shule, na Kigogo kikarudi nyuma, kikabaki zaidi kanisani na nyumbani.

Mpango huo ulileta faida nyingi, ila ulileta na mfarakano. Toka siku hizo mwalimu mwenye cheti alitengana na mwalimu wa dini. Mmoja alikuwa na mshahara, mkaguzi na muhtasari. Wa pili alibaki katika shule ya porini na Injili yake na mshahara mdogo. Na yule mwenye cheti, ingawa alipanda daraja, alipoteza kitu: sasa hakuchagua tena saa wala somo. Hata wazo lile jema la kuyafuata maisha ya watu lilikuwa limetungwa kwa kutazama shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, kama Hampton na Tuskegee, kisha likaletwa huku. Waliulizwa wengi juu ya maisha ya Mwafrika. Mwafrika mwenyewe aliulizwa kidogo.

Lakini katika tume ile alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Yeye alikuwa mwalimu wa chuo cha Kikristo cha Livingstone huko North Carolina, naye alipokuwa akifundisha alikwenda kusoma masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Watu waliomsikia katika safari zake walishangaa si kwa maneno yake tu, bali kwa kumwona mwalimu mweusi ameketi mezani pa wale wanaoamua mafundisho yatakuwaje. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya elimu ya juu kwa mwalimu: humtoa mlangoni, ikamweka mezani.

Mfano wa pili watoka nchini mwetu. Julius Nyerere alipata stashahada ya ualimu Makerere, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, ya Mapadre Weupe. Mwaka wa 1949 akaenda Edinburgh, akarudi mwaka wa 1952 na shahada ya M.A., kisha akafundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mpaka mwaka wa 1955. Mwaka wa 1967 mwalimu huyu wa shule za Kikristo, akiwa Rais, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Mtu aweza kukubaliana nalo au kulipinga, lakini hawezi kukana kwamba aliyeliandika alikuwa amesimama mbele ya darasa. Aliuliza swali ambalo mwalimu wa Ugogo alikuwa amelijibu kwa vitendo zamani: Je, shule hii yamjua mtoto huyu atakaporudi nyumbani atafanya nini?

Msomaji aliye na shaka juu ya hatari ya kupanga bila kuijua nchi, na aende Kongwa. Pale pale palipokuwa na chuo cha walimu, serikali ya Uingereza ilianza mwaka wa 1947 mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta. Waliopanga walikuwa na elimu na fedha, tena walikuwa na haraka. Ardhi ya Kongwa hukauka ikawa ngumu kama saruji, na mvua za Ugogo hazitii hesabu ya mtu. Mwaka wa 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupotea paundi milioni 36 hivi. Mgogo yeyote mzee angaliwaambia habari za mvua. Mtaala ulioandikwa bila mwalimu wa mahali ni shamba la namna hiyo. Tofauti yake ni kwamba hasara ya karanga huhesabika, na hasara ya watoto haihesabiki.

Baada ya sheria ya elimu ya mwaka wa 1969, shule za misheni zilizokuwa zikipata msaada zilitwaliwa na serikali. Pale Dodoma shule ya Alliance, iliyokuwa ya makanisa, ikaja kuitwa Mazengo, kwa jina la mtemi mashuhuri wa Mvumi. Mwaka wa 1975 ikaundwa taasisi ya kukuza mitaala ya nchi nzima, ambayo tangu 1993 yaitwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Makanisa yalipoanza tena kuwa na shule nyingi zao wenyewe, yalikuta mtaala ni mmoja kwa wote. Na mwaka wa 2007 majengo ya Mazengo yakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, cha Kanisa Anglikana. Mwaka huo huo kikaanza na Chuo Kikuu cha Dodoma, cha serikali, ambako mwalimu aweza kusoma elimu hata daraja za juu bila kuvuka bahari. Safari ambayo Aggrey aliifanya mpaka Marekani, leo mwalimu wa Chamwino aweza kuifanya kwa basi.

Basi, narudi kwenye swali. Ikiwa mtaala ni mmoja, na mtaala mpya umeanza kutumika mwaka wa 2024 katika shule za kanisa na za serikali sawasawa, mwalimu wa shule ya Kikristo asome mitaala kwa nini? Nina majibu mawili.

La kwanza, kwa sababu mtaala na ufundishaji ni vitu viwili. Mtaala hutoka mbali, lakini ufundishaji huzaliwa kati ya mwalimu na mtoto. Shule ya Kikristo haitajulikana kwa hesabu zake, maana hesabu hazina dini. Itajulikana kwa jinsi mtoto mzito anavyongojwa, kwa jinsi mtoto wa maskini asivyoaibishwa, na kwa mwalimu asiyetoa alama kwa upendeleo. Mambo hayo hayaji kwa nia njema peke yake. Yana elimu yake, nayo yataka kujifunzwa.

La pili, kwa sababu mtaala huandikwa na watu, na wanaoandika huwaita wale wajuao kueleza kwa ushahidi. Mwalimu wa Buigiri ajua kwamba mtoto hukosa shule mwezi fulani, na kwamba neno fulani la kitabu halina maana kwa mtoto aliyelelewa kwa Kigogo. Asipokuwa na elimu ya kulithibitisha analolijua, neno lake litaitwa lalamiko. Akiwa nayo, litaitwa utafiti. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa Ugogo mwaka wa 1917, alipotoa mwaka wa 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, alionyesha kwamba mtu wa hapa aweza kuiandika nchi yake. Kazi kama hiyo juu ya shule zetu bado ni nyingi.

Hatari iko moja, nayo nitaitaja waziwazi. Shahada huweza kumtoa mwalimu mezani pa mtoto na kumweka mezani pa karatasi, asirudi tena. Mwalimu aliyesoma akaihama shule ya kijiji amejisaidia mwenyewe, wala si dhambi; lakini kanisa lililomlipia halikununua ilichotaka kununua. Kwa hiyo afadhali wakuu wa shule waulize, kabla ya kumpeleka mtu kusoma, si atapata cheti gani, bali atarudi kwa watoto gani.

Wazee wa pwani walijua walisemalo walipoita kusoma kwa bidii mtaala. Mwalimu aliyeacha kutaali hana mtaala, hata kama kitabu chake kipo mezani.