Kutoka Utiifu hadi Dhima: Historia ya Uwajibikaji wa Kisheria wa Muuguzi katika Afrika Mashariki na Utata wa Neno "Uzembe"

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna sheria ilivyomtazama muuguzi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, alipohesabiwa kuwa mkono wa daktari, hadi sasa anapowajibika kwa jina lake mwenyewe. Yanaonesha kwamba nchi za Afrika Mashariki zilipokea dhana ya uwajibikaji huo kwa njia mbili: sheria ya Kiingereza na kanuni za Kibelgiji. Kwa kutumia mashauri ya Uganda na Kenya, makala yanadai kuwa Kiswahili kimezibebesha dhana kadhaa za kisheria neno moja, "uzembe", na kwamba mkanganyiko huo unawaumiza wauguzi na wagonjwa pia. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya istilahi kwa watunga sera wa kanda.

1. Utangulizi

Mwezi Mei 2014, mahakama moja jijini Kampala ilimhukumu muuguzi wa makamo kifungo cha miaka 3. Alidaiwa kumdunga mtoto sindano ambayo tayari ilikuwa imemchoma yeye mwenyewe, naye alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI. Kabla shahidi wa kwanza hajasimama kizimbani, vyombo vya habari vilikwisha kumwita "muuguzi muuaji". Mtoto hakukutwa na maambukizi. Mwezi Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliipunguza adhabu, na muuguzi akatoka gerezani.

Shauri hilo limejadiliwa sana na wanasheria na watetezi wa haki za watu wanaoishi na virusi hivyo. Mtafiti wa lugha ana swali lake pia. Muuguzi huyo alishtakiwa kwa lipi hasa? Kwa nia mbaya? Kwa kukosa uangalifu? Kwa kukiuka utaratibu wa kazi? Kwa Kiingereza, lugha ya mahakama ile, maswali hayo yana majibu tofauti na kila jibu lina jina lake. Kwa Kiswahili cha mitaani, cha redioni na hata cha baadhi ya nyaraka za ofisi, yote huishia katika neno moja: uzembe. Ili kuelewa tulifikaje hapo, hatuna budi kurudi nyuma.

2. Muuguzi kama mkono wa daktari

Uuguzi wa kisasa kama taaluma yenye mafunzo rasmi huhusishwa na shule iliyoanzishwa mwaka 1860 katika Hospitali ya St Thomas, London, kwa fedha za mfuko wa Florence Nightingale. Katika mafunzo ya zama zile, utiifu ulikuwa nguzo kuu. Muuguzi alitekeleza, daktari aliamua. Sheria nayo iliufuata mpangilio huo.

Shauri linaloonesha hali hiyo kwa uwazi ni la Hillyer dhidi ya Hospitali ya St Bartholomew, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1909. Mgonjwa aliungua mkono akiwa amelazwa chini ya dawa ya usingizi katika chumba cha upasuaji. Mahakama ilisema kuwa jukumu la hospitali lilikuwa kutafuta wafanyakazi wenye ujuzi tu. Wauguzi walipoingia chumba cha upasuaji waliacha kuwa watumishi wa hospitali, kwa kuwa wakati huo walikuwa chini ya amri ya daktari mpasuaji. Kwa hiyo muuguzi hakuonekana kama mtu anayeamua, na hospitali haikuwa na dhima juu ya tendo lake. Mgonjwa alibaki na jeraha lake.

Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Sheria ya Usajili wa Wauguzi ya mwaka 1919 iliunda rejesta na baraza. Mtu mwenye jina katika rejesta anaweza kuondolewa humo. Hapo ndipo uwajibikaji wa kinidhamu ulipoanza. Mwaka 1932, katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, Lord Atkin aliweka kanuni kwamba kila mtu ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa "jirani" yake, yaani yule ambaye ni dhahiri ataathiriwa na tendo lake. Mwaka 1942, katika shauri la Gold dhidi ya Halmashauri ya Essex, hospitali ilikutwa na dhima kwa kosa la mtaalamu wake wa mionzi. Mwaka 1951 likaja shauri la Cassidy dhidi ya Wizara ya Afya. Mgonjwa aliyeingia hospitali kutibiwa vidole viwili alitoka na mkono usiofaa kitu. Mahakama ilikubali kuwa hospitali inawajibika kwa kundi zima lililomhudumia, wauguzi kwa madaktari, bila kumlazimisha mgonjwa kuonesha ni mkono wa nani uliokosea.

Mwaka 1957 shauri la Bolam liliweka kipimo: mtaalamu hahesabiwi kuwa amekosa uangalifu ikiwa alitenda kwa namna inayokubaliwa na kundi la wataalamu wenzake wenye ujuzi. Tangu hapo muuguzi alipimwa kwa kipimo cha taaluma yake, si kwa utiifu wake. Tuzingatie kuwa kipimo hicho hakiulizi kama mtu ni mvivu au ana bidii. Kinauliza kama alilolifanya linalingana na kiwango cha kazi.

3. Njia mbili za mapokezi

Sheria hiyo ilifika kwetu pamoja na utawala wa kikoloni. Sheria ya Kiingereza ilipokewa Kenya kwa tarehe ya marejeo ya 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902 na Tanganyika 22 Julai 1920. Maamuzi yaliyofuata, kama yale ya 1932, 1951 na 1957, yaliingia kwa mlango wa ushawishi: mawakili waliyanukuu na majaji wakayafuata. Upande wa jinai, nchi hizo tatu zilipata Kanuni za Adhabu mwaka 1930, zikachukua nafasi ya Kanuni ya Adhabu ya India iliyokuwa ikitumika hapo awali. Kanuni hizo zilikuwa na vifungu vinavyofanana neno kwa neno. Mojawapo humwadhibu anayetoa tiba au dawa kwa papara au kwa kukosa uangalifu hata akahatarisha maisha. Kingine humwadhibu anayetenda jambo linaloweza kueneza ugonjwa wa hatari. Kifungu hiki cha pili, kilichotungwa kabla virusi vya UKIMWI havijajulikana, ndicho kilichotumika Kampala mwaka 2014.

Kongo, Rwanda na Burundi zilipita njia nyingine. Dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 ya Dola Huru ya Kongo iliingiza kanuni ya asili ya Kifaransa: anayemdhuru mwingine kwa kosa lake analazimika kufidia, na mwajiri hulipia madhara yaliyosababishwa na mtumishi wake akiwa kazini. Baada ya Ruanda-Urundi kuunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji kwa sheria ya mwaka 1925, kanuni hiyo ilivuka Ziwa Kivu na Mto Rusizi. Huko dhana kuu ni "kosa". Kwa hiyo muuguzi wa Goma na muuguzi wa Mbarara, ambao wote wanaweza kuzungumza Kiswahili na mgonjwa mmoja aliyevuka mpaka, wanapimwa kwa mizani mbili zenye historia tofauti.

Baada ya uhuru kila nchi ilijenga vyombo vyake vya kinidhamu. Kenya ilitunga Sheria ya Wauguzi mwaka 1983, Uganda Sheria ya Wauguzi na Wakunga mwaka 1996, Rwanda iliunda Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga kwa sheria ya mwaka 2008, na Tanzania ikatunga Sheria ya Uuguzi na Ukunga mwaka 2010. Rwanda ilikwenda mbele zaidi kwa kutangaza, mwaka 2013, sheria ya bima ya dhima ya kitaaluma katika tiba.

4. Maneno na mizigo yake

Majina ya mtoa huduma huyu yanasimulia historia hiyohiyo. Kinyarwanda kina *umuforomo*, kutokana na neno la Kifaransa. Kiswahili kina "nesi", kutokana na Kiingereza. Luganda humwita *omusawo*, jina ambalo huwafunika daktari na muuguzi pamoja. Neno "muuguzi" lenyewe limetokana na kitenzi "uguza", ambacho kwa umbo ni kauli ya kusababisha ya "ugua". Hata hivyo, hakuna mzungumzaji anayelielewa kuwa ni kumfanya mtu augue. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa katika ugonjwa wake. Maana ya neno huamuliwa na matumizi ya jamii, wala si na umbo pekee.

Kanuni hiyo ndiyo inayoleta tatizo katika "uzembe". Katika matumizi ya kila siku, kuzembea ni kulegea, kutojali, kuwa mvivu. Neno hilo ni hukumu juu ya tabia. Dhana ya kisheria iliyopewa neno hilo ni hukumu juu ya kiwango cha tendo. Muuguzi aliyekesha peke yake katika wodi iliyofurika, asiyeketi hata mara moja, anaweza kukosea kipimo cha dawa na sheria ikaona kuwa kiwango cha uangalifu hakikufikiwa. Kumwita mzembe ni kusema jambo ambalo ushahidi haukusema. Kwa upande mwingine, muuguzi mvivu kweli, ambaye uvivu wake haukumdhuru mtu, hana dhima ya fidia, ingawa baraza au mwajiri anaweza kumwadhibu.

Kiswahili hakikosi maneno. "Dhima" na "dhamana" ni ya asili ya Kiarabu na yamebeba tangu zamani, katika mijadala ya fikihi ya pwani, maana ya jukumu linalomkaa mtu na wajibu wa kufidia. Kweli, "dhima" limezoeleka miongoni mwetu katika uhakiki wa fasihi kwa maana ya kazi au nafasi. Lakini muktadha hutenganisha maana hizo bila shida. Tunayo pia "uangalifu", "wajibu", "ridhaa", "fidia" na "kosa". Kilichokosekana ni mgawanyo wa kazi kati ya maneno hayo.

5. Mashauri matatu na funzo lake

Tukirejea Kampala ya 2014, tunaona neno likitangulia ushahidi. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama muuguzi yule alikiuka utaratibu wa kutupa sindano, jambo hilo lilistahili kusikilizwa. Lakini mpaka kati ya kukiuka utaratibu na kukusudia kudhuru ulifutwa katika masikio ya umma kabla hakimu hajauchora.

Shauri la pili ni la Nakaseke, Uganda, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2015. Mama aliyekuwa na uchungu pingamizi alifariki mwaka 2011 katika hospitali ya wilaya, wakati daktari wa zamu hakupatikana. Mahakama iliikuta serikali ya wilaya kuwa na dhima na kuamuru familia ilipwe shilingi za Uganda milioni 35. Hapa mzigo uliwekwa kwa mwajiri. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika maombi yaliyofunguliwa mwaka 2011 kuhusu vifo vya kina mama wajawazito, ilikwenda mbali zaidi na kuona kuwa kushindwa kwa serikali kutoa huduma za msingi za uzazi ni uvunjaji wa Katiba.

La tatu ni la Bungoma, Kenya. Agosti 2013 mama alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona kuwa utu wake ulivunjwa, ikamtunuku fidia ya shilingi za Kenya milioni 2.5 na kuagiza aombwe radhi. Shauri hili latukataza kuwageuza wauguzi wote kuwa wahanga. Kumpiga mzazi si kukosa uangalifu, wala si uhaba wa vitanda, ni kumdhulumu. Ukiliita tendo hilo "uzembe" umelipunguza, kama vile kuliita kosa la bahati mbaya "uzembe" kulivyo kulizidisha.

Kwa pamoja mashauri haya yanaonesha ngazi nne: tendo la kukusudia, ukosefu wa uangalifu wa mtu binafsi, dhima ya mwajiri, na wajibu wa dola. Neno moja linapozibeba zote, muuguzi wa ngazi ya chini hulipia dawa zisizoletwa na zamu zisizojazwa, na mgonjwa aliyedhulumiwa huambiwa kuwa lilikuwa jambo la uzembe tu.

6. Hitimisho na mapendekezo

Suala hili lina uharaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma, na hivyo kuwawezesha wauguzi kuvuka mipaka. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jaji atakayeandika hukumu kwa Kiswahili hatakuwa na neno la Kiingereza pembeni la kumwokoa.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, "ukiukaji wa wajibu wa uangalifu" litumike katika madai ya fidia, na "uzembe wa jinai" libaki kwa makosa ya Kanuni za Adhabu pekee. Pili, "dhima ya mwajiri" na "wajibu wa dola" ziingizwe katika miongozo ya wizara za afya na katika mitaala ya vyuo vya uuguzi, ili muuguzi ajue mapema lipi ni lake na lipi si lake. Tatu, "uzembe" bila kivumishi liachwe kwa mashauri ya nidhamu, pale ambapo tabia ndiyo inayohojiwa. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikae pamoja na mabaraza ya wauguzi na wanasheria wa mifumo yote miwili, ule wa Kiingereza na ule wa kanuni, kabla istilahi hazijasanifiwa. Istilahi zikisanifiwa na wanaisimu peke yao zitabaki kamusini. Zikiachiwa magazeti, tutaendelea kuhukumu kwanza na kuuliza baadaye.

Mwaka 1909 mgonjwa aliyeungua aliambiwa kuwa hakuna wa kumjibu. Katika karne iliyofuata sheria imejifunza kumtafuta wa kujibu na kupima kiasi cha jibu lake. Kiswahili, kikiwa lugha ya wodi na sasa pia ya mahakama, kina deni la kuwa na maneno yanayotosha kwa kazi hiyo.