Jicho, Takwimu na Cheti: Historia ya Kuwapima Wachezaji Wanafunzi, kutoka Uteuzi wa Besiboli wa Marekani hadi Skuli za Kaskazini Pemba

1. Utangulizi

Klabu inayomsajili mwanafunzi hulipia jambo ambalo bado halijatokea. Haimlipi kwa yale aliyoyafanya uwanjani mwa skuli au chuo, bali kwa yale inayodhani atayafanya miaka mitano baadaye, mbele ya wapinzani asiowahi kukutana nao. Kwa hiyo upimaji wa kijana wa michezo ni kazi ya ushahidi, na kila ushahidi una historia yake: nani aliuweka, kwa kusudi gani, na nini kiliachwa nje.

Insha hii inafuatilia aina tatu za ushahidi huo, yaani jicho la msaka vipaji, takwimu za mashindano na hati ya utambulisho. Sehemu ya kwanza inautazama uteuzi wa wachezaji wa besiboli nchini Marekani, ambako mjadala juu ya wachezaji wa vyuo umeacha kumbukumbu nyingi. Sehemu zinazofuata zinahamia Uganda na kisha Pemba, zikimweka mbele kijana wa Tumbe, Wilaya ya Micheweni, kama kipimo cha hoja. Hoja kuu ni kwamba mvutano kati ya jicho na takwimu, unaochukua nafasi kubwa katika maandishi ya Marekani, ni mvutano wa watu ambao tayari wana daftari. Pwani ya Afrika Mashariki swali linalotangulia ni la kuwepo kwa kumbukumbu yenyewe.

2. Uteuzi wa 1965 na mamlaka ya jicho

Kabla ya 1965 klabu za besiboli za Marekani zilishindana kwa fedha kumpata kijana, na klabu tajiri ndizo zilizofaidika. Mwaka huo ulianzishwa uteuzi wa pamoja, ambapo klabu zilichagua kwa zamu na iliyofanya vibaya msimu uliopita ilitangulia. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Rick Monday, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, aliyechukuliwa na Kansas City Athletics. Kwa utaratibu uliokuja kuzoeleka, anayeingia chuo cha miaka minne hungoja amalize mwaka wa tatu au atimize umri wa miaka 21 ndipo achaguliwe.

Utaratibu huo ulibadilisha thamani ya kosa. Klabu ikishapitisha zamu yake hairudi nyuma, hivyo ripoti ya msaka vipaji ikawa hati nzito. Katika ripoti hizo mchezaji asiye mrushaji hupimwa kwa mambo matano: kuupata mpira kwa gongo, kuupiga kwa nguvu, kukimbia, kudaka na kurusha. Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ni kiwango cha kawaida cha ligi kuu. Alama hizo huandikwa kwa tarakimu, lakini chanzo chake ni jicho. Kwa maneno mengine, ni maoni yaliyovishwa joho la hesabu. Nguvu yake ni kuona kisichohesabika, kama vile mwili utakavyokomaa. Udhaifu wake ni kupenda umbo zuri na kumpita mwenye umbo la kawaida anayefanya kazi vizuri.

3. Takwimu za vyuo na mipaka yake

Katika miaka ya 1980 Bill James alichambua matokeo ya chaguzi zilizopita akaonesha kwamba wachezaji wa vyuo walikuwa wameleta faida kubwa kuliko wale waliochukuliwa moja kwa moja kutoka sekondari. Sababu mbili zinaeleweka kwa urahisi. Mchezaji wa chuo ameshapita miaka ya mabadiliko makubwa ya mwili, na timu yake hucheza michezo ipatayo 56 kwa msimu, ikiacha rekodi ndefu ya kusomwa.

Oakland Athletics waliipeleka hoja hiyo mbali zaidi katika uteuzi wa 2002, uliosimuliwa na Michael Lewis katika kitabu chake cha 2003, Moneyball. Wakiwa na nafasi saba katika duru ya kwanza, waliegemea wachezaji wa vyuo. Nick Swisher wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alidumu ligi kuu kwa misimu mingi. Jeremy Brown wa Chuo Kikuu cha Alabama, ambaye wasaka vipaji waliudharau mwili wake, alicheza michezo mitano tu katika ligi hiyo. Katika duru hiyohiyo klabu nyingine zilichukua vijana wa sekondari, wakiwemo Zack Greinke, Prince Fielder na Cole Hamels, na wote watatu wakawa nyota. Takwimu zilikuwa sahihi juu ya wastani wa kundi, lakini hazikuweza kumhukumu mtu mmoja mmoja.

Kuna funzo jingine linalomhusu mwanahistoria moja kwa moja. Kuanzia 1974 vyuo viliruhusiwa kutumia magongo ya alumini, ilhali ligi za kulipwa ziliendelea na ya mbao. Gongo la chuma husamehe kosa ambalo la mbao haliwezi kulisamehe. Ndiyo maana ligi ya kiangazi ya Cape Cod, iliyorejea kwenye mbao mwaka 1985, ikawa na uzito mkubwa kwa wapimaji. Mwaka 2011 vyuo viliweka masharti mapya ya kupunguza nguvu za magongo hayo, na mapigo yakapungua. Tarakimu ileile, basi, haina maana ileile kabla na baada ya 2011.

4. Mwafrika nje ya daftari

Uteuzi huo unawahusu wakaazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Mwafrika aliyebaki kwao husajiliwa nje yake. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu. Kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma akasajiliwa na Pirates mwaka uliofuata. Dennis Kasumba alipata nafasi mwaka 2023 katika ligi maalumu ya wanaotafuta kuteuliwa, baada ya picha za video za mazoezi yake kuenea duniani. Katika kisa chake, video ilichukua nafasi ya rekodi ya chuo.

Kisa cha 2011 kina uzito zaidi. Timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda michuano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza kwa sababu ya kutofautiana kwa taarifa za umri katika hati zao. Uwezo wao ulikuwa umekwisha kuthibitishwa uwanjani. Kilichokosekana ni karatasi iliyokubalika. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilifanikiwa kufika, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika, na ikashinda mchezo mmoja.

5. Kutoka Tumbe

Zanzibar besiboli si mchezo wa wengi. Mwanafunzi wa Tumbe hupimwa katika soka, kupitia mashindano ya skuli na wilaya, likiwemo tamasha la Elimu Bila Malipo linaloadhimisha tangazo la Septemba 1964. Mashindano ya aina hii huchezwa kwa siku chache, na mchaguzi hulazimika kuamua kwa michezo miwili au mitatu. Kijana aliyeamka na homa siku hiyo hana michezo 50 mingine ya kumtetea. Jicho linatawala hapa kwa kukosa mshindani.

Athari ya pengo hili ilidhihirika Aprili 2018, Zanzibar ilipoondolewa katika mashindano ya CECAFA ya vijana wa chini ya miaka 17 nchini Burundi kwa hoja ya umri wa wachezaji. Adhabu ya namna hiyo haichambui mtoto mmoja mmoja. Aliyetimiza masharti hurudi nyumbani pamoja na asiyeyatimiza, na mashindano aliyokusudia kuonekana yanampita. FIFA ilianza kutumia picha za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana hao mwaka 2009, lakini kifaa hicho hakitaji tarehe ya kuzaliwa. Huonesha tu kama mfupa umekwisha kuunga. Kwa mtazamo huu, Sheria Namba 3 ya 2018, iliyounda wakala wa usajili wa matukio ya kijamii Zanzibar, ni sehemu ya historia ya michezo hata kama haikutungwa kwa ajili hiyo.

Isidhaniwe kwamba pasipo karatasi hapana elimu. Makaazi ya kale ya Tumbe, ya karne ya 7 hadi ya 10, yamejulikana kwa uchimbaji wa Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, si kwa nyaraka. Vigae vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga, vimeonesha kazi iliyofanywa na watu wasioandikwa popote. Vigae hivyo vilisema kwa sababu vilikusanywa, vikahesabiwa na kuhifadhiwa kwa utaratibu. Mchezo wa mwanafunzi usiponakiliwa hauachi hata kigae.

6. Hitimisho

Historia ya uteuzi wa Marekani haithibitishi kwamba takwimu zimelishinda jicho. Inaonesha kwamba kila kimoja kilirekebishwa pale tu palipokuwa na kumbukumbu ya makosa ya nyuma. James aliweza kuwakosoa wasaka vipaji kwa kuwa majina waliyoyachagua yalihifadhiwa, na uteuzi wa 2002 unaweza kuhukumiwa leo kwa sababu hiyohiyo. Kwa Pemba, hatua ya mwanzo haihitaji mitambo: ni daftari la skuli linalotaja mchezaji, tarehe yake ya kuzaliwa, nafasi yake, dakika alizocheza na aliyempima, likihifadhiwa mwaka hadi mwaka. Daftari hilo halitamfanya kijana wa Tumbe awe bora kuliko alivyo. Litamwezesha kupingwa au kukubaliwa kwa ushahidi, na litampa mtafiti wa kesho njia ya kujua ni nani aliyeachwa, na kwa nini.