Chumvi, Shura na Mwili wa Mfanyakazi: Uhifadhi wa Nyama kutoka Uvinza hadi Kawe

Historia ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji imeandikwa zaidi kwa kufuata pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Chakula kimepewa kurasa chache, na nyama chache zaidi. Insha hii inauliza swali finyu: kile kilichotiwa katika nyama ili isioze kilitoka wapi, na ni nani aliyekitengeneza au kukishika? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba madhara ya viongezwa hivyo yalimfikia mfanyakazi kabla ya kumfikia mlaji, ilhali kumbukumbu zilizosalia zimemjali zaidi mlaji na mfanyabiashara.

Ni vyema kukiri mapema kwamba sehemu kubwa ya nyama iliyoliwa safarini haikutiwa kitu. Ilikatwa vipande vyembamba, ikatandazwa juu ya chanja, ikakaushwa kwa moto na moshi, kisha ikafungwa pamoja na mizigo. Chumvi ilikuwa ghali kiasi kwamba kuipaka nyama nzima kungekuwa anasa. Hata hivyo, ndiyo iliyokuwa kiongezwa kikuu chenye soko la kudumu katika nchi za magharibi, na chanzo chake mashuhuri kilikuwa Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi.

Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa huko katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwapo tangu karne ya 5 au ya 6, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya misafara ya Waarabu na Waswahili kufika. Richard Burton, aliyepita mwaka 1858 akitokea Kazeh, ambayo leo ni Tabora, aliitaja chumvi hiyo na jinsi ilivyosambaa mbali. Kazi ilifanyika kiangazi, mito inapopungua na chemchemi kuonekana. Watu walitoka mbali, wakapiga kambi, wakateka maji ya chumvi, wakayachemsha katika vyungu hadi chumvi ikabaki chini. Watawala wa Uvinza walitoza ushuru.

Wasafiri wa Kizungu waliitazama chumvi kama bidhaa: uzuri wake, bei yake, na umbali iliouzwa. Mpikaji hakuwashughulisha sana. Lakini mchakato wenyewe unatosha kutuambia mengi. Maji ya chumvi yanayotokota huunguza vibaya kuliko maji matupu, kwa kuwa hutokota kwenye joto la juu zaidi. Mikono inayoshinda ndani ya maji hayo hukauka na kupasuka, na kila ufa huwa kidonda kinachochomwa upya na kazi ya kesho. Macho na mapafu hupokea moshi wa kuni mchana kutwa. Kuni nazo hutafutwa mbali zaidi kadiri msitu wa jirani unavyokwisha. Baada ya hapo alikuja mpagazi, ambaye mzigo wake wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilitwaa chemchemi hizo na kuanzisha kiwanda kilichoitwa Gottorp. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikamwondolea mpagazi mzigo wa chumvi. Mpikaji, aliyekuwa akija kwa msimu na kuondoka na chumvi yake baada ya kulipa ushuru, nafasi yake ilichukuliwa na kibarua wa mshahara.

Kuna kiongezwa cha pili kilichopita katika njia hiyohiyo bila kutambuliwa hivyo. Baruti iliyopelekwa bara kwa wingi ilikuwa na shura, na shura ndiyo iliyotumiwa Ulaya kwa karne nyingi kuipa nyama ya chumvi rangi nyekundu. Mwaka 1891 Eduard Polenske alionyesha kwamba nitrati ya shura hugeuka kuwa nitriti ndani ya nyama. Mwaka 1901 J. S. Haldane akaeleza jinsi nitriti inavyoizalisha rangi ile. Viwanda vikaanza kutumia nitriti yenyewe, ambayo pia huzuia bakteria wa botulizimu. Tatizo ni kwamba unga wake unafanana na chumvi ya mezani, na ukiingia mwilini kwa wingi huizuia damu kubeba oksijeni. Ndiyo sababu katika nchi nyingi nitriti huchanganywa kwanza na chumvi ya kawaida, na katika baadhi yake hutiwa rangi ya waridi, ili anayeipima asikosee.

Ujuzi huo wa viwandani ulifika Tanganyika pamoja na Tanganyika Packers, kampuni iliyoundwa mwaka 1947 kwa ubia wa serikali na Liebig. Kiwanda chake cha Kawe, Dar es Salaam, kilisindika nyama ya kopo kwa ajili ya soko la nje, hasa Uingereza, na kiliwategemea ng'ombe wa bara, wakiwamo wa Usukuma na Unyamwezi. Njia ya msafara iligeuka kuwa njia ya mifugo. Hatari nazo zikaongezeka: visu, sakafu zenye mafuta na damu, mvuke, baridi ya vyumba vya kuhifadhia, na maradhi ya mnyama kama kimeta.

Sheria ya viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950 iliweka ukaguzi, nayo ikarithiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu; uamuzi huo ulimhusu anayeila. Kwa upande wa anayeitengeneza, daftari la ajali hupokea kwa urahisi kidole kilichokatwa saa nne asubuhi. Mikono iliyopasuliwa na maji ya chumvi kwa misimu kumi haina saa wala tarehe ya kuandikwa.