Nani anaangalia? Kutoka kigoda cha Milansi hadi jukwaa la Miss Tanzania

Msomaji, kama umekulia Ufipa, hadithi hii huenda ulishaisikia kwa bibi au babu. Kama hujawahi kufika Rukwa, isikilize kwanza, halafu twende kwenye warembo.

Milansi ni kijiji kisicho mbali na Sumbawanga mjini. Wafipa wanasimulia kwamba hapo ndipo alipotawala mtu wa kwanza, Ntatakwa. Siku moja, chifu akiwa ameenda kuwinda, wakafika wanawake watatu wageni, Watwachi, wakitokea mbali. Kiongozi wao akakalia kigoda cha utawala. Mwenyeji aliporudi akakuta mambo yameshaisha: nchi ikawa ya wale wanawake na uzao wao, yeye akabakiwa na Milansi na heshima ya ukongwe. Kwa Watwachi hao ndiko watawala wa Nkansi na Lyangalile walikohesabu asili yao.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis alifanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1967 akachapisha makala kuhusu hadithi hii. Jina la makala, ukiliweka kwa Kiswahili, ni kama “Kichwa na Kiuno”. Alisema kwamba katika fikra za Kifipa Milansi ni kichwa, yaani akili, ukongwe, utulivu, uanaume. Watwachi ni kiuno, yaani nguvu, tamaa, uzazi, uanamke. Viwili hivi vinategemeana, kama mwili unavyotegemeana.

Ni uchambuzi mzuri, na bado unasomwa vyuoni. Lakini hebu rudi kwenye hadithi yenyewe. Wanawake hawa wamefanya nini hasa? Wamesafiri, wamepima hali, wameona kigoda kitupu, wamekaa. Hiyo ni siasa, tena ya kichwa kweli kweli. Ila kumbukumbu imewapa kiuno. (Hoja hii ni yangu, msimlaumu Willis.) Hapa ndipo mada yetu inapoanzia: mwanamke anaweza kufanya jambo kubwa, halafu anayesimulia, au anayeshika kamera, akachagua ni sehemu gani ya mwili wake tuikumbuke.

Mwaka huohuo wa 1967, wakati Azimio la Arusha bado ni bichi, Theresa Shayo alikwenda London kuiwakilisha Tanzania kwenye Miss World. Yeye ndiye Miss Tanzania wa kwanza. Mashindano aliyoyakuta huko yalianzishwa mwaka 1951 na Eric Morley, mtu wa kampuni ya kumbi za dansi, ili kuvuta watu wakati wa Tamasha la Uingereza. Yalianza kama shindano la bikini. Kuanzia 1959 BBC ikayapeleka kwenye televisheni. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba yalianza na “urembo wenye malengo” kisha yakaharibika njiani. Yalianza kama tangazo la biashara, na bidhaa ilikuwa mwili wa msichana. Mnunuzi aliyefikiriwa alikuwa mwanaume.

Miaka 3 baadaye, Novemba 1970, wanaharakati wanawake waliingia ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall wakarusha mifuko ya unga wakati mchekeshaji Bob Hope yuko jukwaani. Mmoja wao alikuwa Laura Mulvey. Jina hilo lishike, maana mwaka 1975 ndiye aliyeandika makala iliyozaa msamiati tunaoutumia leo kila tukibishana kuhusu video za muziki: jicho la mwanaume. Alikuwa anazungumzia filamu za Hollywood. Kwa ufupi, alisema kuna macho ya aina tatu yanayokutana. Kuna kamera, kuna wahusika wanaoangaliana ndani ya filamu, na kuna mtazamaji aliyekaa ukumbini. Yote matatu yamepangwa kana kwamba anayeangalia ni mwanaume, na mwanamke yupo ili aangaliwe. Mwanaume anasukuma hadithi mbele. Mwanamke anapotokea, hadithi inasimama kidogo tumtazame.

Usiku ule wa unga, taji lilikwenda kwa Jennifer Hosten wa Grenada, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa Miss World. Kwa hiyo waliokuwa nje wanapinga walikuwa na hoja, na aliyekuwa ndani anavishwa taji naye alikuwa anavunja ukuta. Sidhani kama kuna njia ya kulifanya jambo hili liwe jepesi, na sioni sababu ya kujaribu.

Nyumbani huku mambo yalikuwa yameshachukua mkondo mwingine. Mwaka 1968 serikali ilipiga marufuku mashindano ya urembo. Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, ianze rasmi Januari 1, 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana. Kabla hata tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume Kariakoo yalikuwa yanawavamia wasichana waliovaa mini. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua za wasomaji, wengine wakishangilia, wengine wakiuliza mbona utamaduni wa taifa unapimwa kwenye mapaja ya dada zetu. Mwanahistoria Andrew Ivaska, aliyezifanyia kazi barua hizo, anaonyesha kwamba nyuma ya hasira za mavazi kulikuwa na hasira nyingine: wasichana walianza kupata kazi za ofisini na kutembea mjini bila kumwomba mtu ruhusa, huku vijana wengi wa kiume hawana ajira.

Unaona kilichotokea? Morley wa London alimpima mwanamke kwa macho ili auze tiketi. Kijana wa Kariakoo alimpima mwanamke kwa macho ili alinde taifa. Nia tofauti, ila rula ni ileile, na aliyesimama akipimwa ni yuleyule. Na wa kijijini je, yule wa Ufipa mwenye jembe na khanga? Naye aligeuzwa picha, picha ya usafi, ya kumsutia dada wa mjini. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kazi hiyo.

Marufuku ilidumu hadi 1994, mashindano yaliporudi chini ya Lino International Agency na Aina Maeda akatwaa taji. Mwaka 1994 ndio pia ITV ilianza kurusha matangazo, na hii si bahati nasibu tu: soko lilikuwa limefunguliwa, matangazo ya biashara yanatafuta sura, na televisheni inatafuta vya kuonyesha. Mashindano yakapangwa kwa ngazi, mkoa, kanda, kisha taifa. Msichana wa Sumbawanga alipitia Miss Rukwa, akaenda Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ndipo Dar.

Ngoja nikwambie kinachonichekesha. Hatua mojawapo maarufu ya mashindano haya iliitwa vazi la ufukweni. Sasa Sumbawanga iko juu ya uwanda, kama mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai watu wanatembea na masweta na makoti. Ufukwe upo, lakini uko chini huko Kasanga na Kipili, Ziwa Tanganyika, na wanaouchangamsha ni wavuvi na wachuuzi wa migebuka, sijui kama kuna aliyewahi kuwaomba wavae bikini. Vazi lile halikuwa na uhusiano wowote na mahali. Lilikuwa la mtazamaji, popote alipo. (Miss World wenyewe waliiondoa hatua hiyo kuanzia 2015.)

Hata hivyo wapo waliolitumia jukwaa kama Watwachi walivyokitumia kigoda. Hoyce Temu, Miss Tanzania wa 1999, amekuwa mwanadiplomasia Geneva. Nancy Sumari, aliyepata taji la Miss World Afrika mwaka 2005, ameandika vitabu vya watoto. Ukiwaita “viuno” utakuwa unakosea palepale walipokosea wasimulizi wa Milansi.

Kwenye Bongo movie jicho hili lina upande wa pili, na huu unaigusa Sumbawanga moja kwa moja. Tazama makasha ya DVD za miaka ile: msichana mbele, sura kubwa, ngozi imeng'arishwa kwenye kompyuta. Halafu tazama filamu za uchawi. Mchawi ni nani? Mara nyingi bibi, kutoka “shamba”. Na “shamba” hilo kwenye vichekesho huitwa Sumbawanga, ingawa jina lenyewe hufasiriwa “tupa uchawi”! Mwanamke akiwa kijana anauzwa atamaniwe, akizeeka anauzwa aogopwe. Hilo la pili si mchezo katika nchi ambayo bibi vizee wameuawa, hasa kanda ya Ziwa, kwa sababu ya macho mekundu waliyoyapata kwa miaka mingi ya kupika kwenye moshi.

Mwisho kuna kesi ya Snura. Mei 2016 serikali iliifungia video ya wimbo wake “Chura” kwa sababu ya uchezaji wa nyonga, na ikamzuia kufanya maonyesho hadi ajisajili BASATA. Aliomba radhi hadharani. Wengi walisema haki yake, kajidhalilisha mwenyewe. Sawa, tubishane. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo, wasanii wa kiume walikuwa wameshajaza video zao wasichana wasio na majina, kamera ikiwa chini ya mgongo muda wote, na nyingi zilipita hewani bila neno. Wimbo ulikuwa wa mwanaume, kiuno kilikuwa pambo. Kwenye “Chura” mwenye kiuno na mwenye wimbo wote walikuwa wanawake, na fedha ilikuwa inakwenda kwa mwanamke. Ukiitazama tena, usiishie kwenye nyonga. Hesabu ni mara ngapi kamera inapanda hadi usoni mwa wanaocheza, na inakaa pale kwa sekunde ngapi. Kisha fungua video ya msanii wa kiume unayempenda wa miaka ileile, uhesabu tena.