Kiwanda cha Athi River na Fedha za Umma

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu wa Ushirika, wenzetu wengine wamepewa kazi ya kueleza hesabu na majengo. Sisi tumeombwa kuandika habari za zamani, nasi tumechagua habari za kiwanda cha nyama cha Athi River. Kila mara wanachama wakutanapo na neno la machinjio likazungumzwa, jina la kiwanda hicho halikosi kutajwa, mara kwa sifa, mara kwa uchungu.

Kiwanda hicho kilianzishwa na kampuni ya Liebig ya Uingereza, na kilikuwa tayari kwa kazi mwaka 1938. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nyama ya makopo na mchuzi mzito wa nyama uliokaushwa. Bidhaa za namna hiyo hazihitaji ng'ombe mnene. Zahitaji ng'ombe wengi, tena kwa bei ndogo. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikisema kwamba mifugo ya Ukambani imepita kiasi cha malisho na kwamba udongo wachukuliwa na maji. Udongo kweli ulikuwa ukichukuliwa. Lakini Wakamba nao walikuwa na neno: nchi yao ya malisho ilikwisha punguzwa, sehemu ikapewa walowezi, na uwanda wa Yatta ukafungwa. Serikali haikungoja kulimaliza shauri hilo. Ng'ombe walihesabiwa, wakapigwa chapa, na waliozidi wakauzwa kwa nguvu.

Mwezi wa Julai 1938 maelfu ya wanaume, wanawake na watoto waliondoka Machakos kwenda Nairobi kumwona Gavana. Walikaa Kariokor kwa majuma kadhaa, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Hawakuja kwa vita. Walitaka kusikilizwa tu. Muindi Mbingu alikamatwa baadaye mwaka huo, akapelekwa kizuizini Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliiacha ile amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu. Wanachama wanaopita leo katika mtaa wa Nairobi wenye jina lake yafaa wajue kwamba jina lile latokana na shauri la ng'ombe.

Mwaka 1950 serikali iliunda kwa sheria Halmashauri ya Nyama, yaani KMC, ikashika kazi ya Athi River kwa mtaji wa umma. Halmashauri hiyo ilipewa haki kubwa: kulisha miji mikubwa kwa nyama na kuuza nyama ng'ambo. Bei ilifuata daraja la nyama, jambo la haki kwa kulitazama juu juu. Lakini ng'ombe wa mashamba makubwa ya walowezi walifika kwa gari la moshi wakiwa wamenona, na wale wa kaskazini walikaa karantini kwa ajili ya homa ya mapafu, kisha wakafika wamekonda. Mfugaji wa Isiolo alilipwa bei ya mifupa kwa mnyama aliyetoka kwake akiwa na nyama.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo, kwani ndipo ugumu wote ulipo. Majiko ya mvuke, vyumba vya baridi na mishahara hugharimu kiasi kilekile, wachinjwe ng'ombe kumi au mia tano. Wakati wa ukame wafugaji wote huleta mifugo kwa siku moja, na kiwanda hakiwezi kuipokea. Mvua ikinyesha, kila mtu hubaki na ng'ombe wake wanone, nacho kiwanda hulala njaa. Mchinjaji mdogo wa pembezoni mwa mji, mwenye banda na kisu na asiye na deni la mashine, huweza kumpa mfugaji fedha taslimu siku ileile. Ndivyo ilivyokuwa: wachinjaji wa Dagoretti walipoongezeka, KMC ilikosa ng'ombe, malipo yakachelewa, na kadiri yalivyochelewa ndivyo wafugaji walivyozidi kukimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ilifungwa.

Serikali ilitia fedha tena, na mwaka 2006 kiwanda kilifunguliwa. Mashine zilifufuka, lakini manung'uniko ya malipo yalifufuka nazo, hata mwaka 2020 kiwanda kikahamishiwa Wizara ya Ulinzi, kwa ahadi ya kuwalipa wafugaji upesi. Twaona, basi, kwamba fedha za umma zilipatikana zaidi ya mara moja. Kilichokosekana ni fungu la kumlipia mfugaji siku anapoleta mnyama.

Katiba ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya machinjio, na maombi ya majengo mapya husikika mahali pengi. Sisi hatuyapingi. Ila Kamati yetu itakapoitwa kujadili jengo la namna hiyo, twaiomba ianze kwa kuuliza mambo ambayo ramani haionyeshi: nani atalipia umeme wa vyumba vya baridi katika miezi ya mvua, ni ng'ombe wangapi wanachama wameahidi kwa maandishi kuleta kila juma, na fedha za malipo ya siku ya kwanza zitawekwa katika hesabu gani, chini ya sahihi za nani.